Akikwambia "Mzima", Usiondoke

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ni ile niliyopanda kwenda kwetu Oldonyo Sambu kuaga, bila mtu yeyote kujua kwamba naaga. Nilikuwa kijana, fundi redio pale Moshono, na vidole vyangu vilikuwa vimeacha kunisikiliza. Nitakueleza mambo ya siku hiyo kwa mpangilio, kwa sababu mimi ni mtu wa mpangilio. Lakini ujue mapema kwamba nitayaeleza kwa hasira. Umri umenipunguzia mengi. Hasira hii haijapungua, na sijaona sababu ya kuiombea ipungue.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana wengi hutaja jina lake bila kuujua. Kwa Kiswahili tunauita baridi yabisi, na jina hilo limewapotosha watu wengi. Mtu akisikia baridi anafikiri ni kosa la maji ya alfajiri au upepo wa Mlima Meru. Ninaoumwa mimi hautokani na baridi. Mwili wa binadamu una kinga yake, kazi yake ni kupambana na vijidudu vinavyoingia. Kwa mtu kama mimi kinga hiyo inakosea. Inaviona viungo vya mwili ule ule inaoulinda kuwa ni adui, inavishambulia, na haichoki. Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na kurogwa. Mpaka leo hauna dawa ya kuumaliza, una dawa za kuutuliza. Hayo nimeyasoma mwenyewe kidogo kidogo, kwa miaka, katika kila kitabu na kila karatasi ya dawa iliyonifikia, kwa sababu wakati nilipohitaji kuelezwa hakuna aliyenieleza.

Ulinianza vidoleni. Nilikuwa naamka mikono imekaza kama ya mtu aliyelala ameshika jembe, jembe likachukuliwa, vidole vikabaki vimelishika. Kufunga vifungo vya shati ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba gunia. Jua likipanda vinalegea kidogo, halafu kesho tunaanza upya. Nikaambiwa ni taifodi, nikatibiwa taifodi. Nikaambiwa ni malaria, nikameza vidonge vya malaria. Nikaambiwa ni gesi. Yuko hata aliyeniambia, kwa uso wa huruma kabisa, kwamba kuna fundi mwenzangu ameniwekea kitu. Hatimaye, katika hospitali moja kubwa, daktari akapima damu yangu, akanitajia ugonjwa, akaniandikia dawa, akaita mgonjwa mwingine. Foleni ilikuwa inafika nje kwenye jua, sikumlaumu sana. Ila niliondoka pale nimepewa ugonjwa wa maisha bila kuambiwa maisha hayo yanaishiwaje.

Kazini kwetu mwenye duka alikuwa Mchaga mmoja mcheshi, na kama wenye maduka wengi wa Kichaga alikuwa anaitwa Mangi tu. Asubuhi nilipokuwa nashindwa kushika bisibisi alikuwa ananitazama mikono akiwa nyuma ya kaunta.

"Lembris, hiyo ni mikono au maandazi?"

"Maandazi, Mangi. Leta chai."

"Ugonjwa wa bibi zetu huo. Kijana kama wewe umeuokota wapi?"

"Nimerithi."

"Urithi wa Waarusha ni ng'ombe, bwana! Wewe umeachiwa magoti!"

Wateja wanacheka. Na mimi nacheka. Mangi hakuwa mtu mbaya. Siku nilizozidiwa alinipa kazi nyepesi bila kusema neno. Sikuwahi kumchukia. Nilichokichukia ni kile kicheko changu mwenyewe, kwa sababu kilikuwa kinatoka kinywani na hakukuwa na mtu nyuma yake.

Ndipo ugonjwa wa pili ulipoingia, nao haukubisha hodi. Kiswahili kina jina lake, sonona, lakini siku hizo sikulijua, na waliokuwa wananizunguka hawakulijua. Walisema, "Lembris ana mawazo." Mwanangu, hilo ni neno la kivivu. Mtu mwenye mawazo anawaza: anawaza ada, anawaza kiwanja, anawaza mchumba. Mimi nilikuwa sina wazo hata moja. Nilikuwa natengeneza redio, inalia vizuri, na naisikia kama iko kwenye nyumba ya jirani. Chakula kilikuwa kama karatasi. Nililala na nikaamka nimechoka zaidi ya nilivyolala. Rafiki wakija nilijifanya nimetoka. Dawa zangu nikaacha kuzimeza, wala hakuna aliyenikataza. Niliacha kwa sababu sikuona wa kumtibu.

Na hapa hasira yangu inapanda, nivumilie. Kila nilipokwenda nyumbani Baba aliitazama mikono yangu, akakunja uso, akasema, "Jikaze. Wewe ni mwanaume." Baba alikuwa mkulima na mfugaji, tena mzee wa kanisa, mtu aliyezoea kusema watu wakanyamaza. Majirani nao: jikaze. Mchungaji mgeni aliyepita: jikaze, mwombe Mungu. Nijikaze! Vidole vimekaza, shingo imekaza, magoti yamekaza, asubuhi mwili mzima umekaza kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Ugonjwa wangu wote ni kukaza. Watu wenye akili zao wanamtazama mtu aliyekaza kila kiungo, na dawa pekee wanayoiona ni akaze zaidi! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la wakuu, nikalitii, na kulitii huko ndiko kulikotaka kunivunja.

Sasa, ili uelewe kilichotokea siku ile, lazima nikueleze desturi yetu. Sisi Waarusha, kama ndugu zetu Wamasai, habari hatuulizani juujuu. Tunazila. Ndivyo tunavyosema kwa Kimaa: mgeni anatoa habari, *ilomon*, na mwenyeji anazila. Mgeni huanza kwa kusema kwamba hakuna baya, watu ni wazima, mifugo ni wazima. Huo ni mwanzo tu, ni adabu, ili aliyeketi asishtuke. Baada ya hapo ndipo habari zenyewe zinakuja, na wakati mwingine yule yule aliyesema watu ni wazima anafika mahali anataja msiba. Hakudanganya. Alianzia pale panapoanziwa. Na mwenyeji hamkatizi. Kazi yake ni kuitikia "ee", na tena "ee", mpaka mgeni aseme kwamba habari zimeisha. Kisha mwenyeji naye anatoa za kwake zote, na mgeni anakula.

Sisi vijana tuliohamia mjini tulikwenda na kipande cha kwanza peke yake. Mzima? Mzima. Vipi? Poa. Kila mtu anaelekea kwake. Nimeishi kwa kipande hicho kwa muda mrefu, na nakuambia hakuna mahali pazuri pa kujificha kama ndani ya neno mzima. Hakuna anayekufuata humo.

Siku hiyo ilikuwa katika miezi yetu ya baridi, wingu limeukalia mlima, vumbi la Oldonyo Sambu linatembea barabarani kama lina safari. Nilifika kwetu nikiwa na mfuko wa vifaa vyangu vya kazi. Geti letu lilikuwa linafungwa kwa pete ya waya, na vidole vilikataa kuinyanyua ile pete. Nikaisukuma kwa kiwiko. Sikujua kwamba Koko alikuwa ananiona. Koko ndilo jina tunalomwitia bibi. Huyu alikuwa mama yake Baba, na tangu mama yangu afariki nikiwa mdogo ndiye aliyenilea. Alikuwa ameketi nje juu ya ngozi, anachambua maharage ya mbegu kwenye ungo.

"Takwenya, Koko," nilimwamkia.

"Iko," akaitikia. "Habari za huko mjini?"

"Nzuri, Koko. Sote wazima."

"Ee," akasema, macho kwenye maharage.

Nikaushusha mfuko chini.

"Ee," akasema tena.

"Ndizo hizo, Koko."

"Ndizo zipi?"

"Habari. Wazima."

Akauweka ungo chini. Akautazama mfuko. "Na huo?"

"Vifaa vyangu. Nimekuletea uniwekee. Akitokea mtu anayevihitaji, umpe."

"Nimpe."

"Ndiyo, Koko."

"Na wewe utafanyia kazi nini?"

Nikausogeza mfuko karibu naye. Koko akanitazama kwa muda, na nikaona uso wake unabadilika. Nilitegemea machozi, au ile "pole mjukuu wangu" ambayo nilikuwa nimejiandaa kuipokea na kuiweka kando. Haikuwa hivyo. Koko alikasirika.

"Mwanaume akigawa fimbo yake akiwa bado ana miguu, anakwenda wapi, Lembris?"

"Koko, mimi nime..."

"Nyamaza! Hukuja kusema, umekuja kukohoa. 'Wazima' ni kikohozi! Mtu anakohoa kabla ya kusema ili watu wajue anataka kusema. Wewe umekohoa, na sasa unataka kuondoka! Nani kakufundisha kukohoa na kuondoka? Ni huko Moshono? Ni hizo redio?"

"Hakuna cha kusema."

"Geti umelifungua kwa kiwiko. Mimi ni mzee, si kipofu. Na hayo meno unayonionyesha ukicheka ni yetu, yametiwa rangi na maji ya hapa, ninayajua. Kicheko hicho si cha hapa."

Kisha akageuka, akapaza sauti kuelekea zizini ili Baba asikie. "Baba Lembris! Njoo huku! Kuna mgeni na ana habari!"

Baba akaja akipangusa mikono kwenye suruali. Aliponiona akaanza kama kawaida yake. "Ah, umekuja. Mikono vipi? Nilikuambia uji..."

"Kaa," Koko akamwambia. "Huyu ni mgeni. Anatoa habari. Wewe ni mwenyeji, unakula."

"Mama, huyu ni mwanangu, si mgeni."

"Leo ni mgeni. Kaa."

Baba akakaa kwenye kigoda. Mwanangu, si rahisi kumweleza mtu asiyezijua desturi zetu jinsi lile neno lilivyomfunga Baba. Kama ingekuwa ni maongezi ya kawaida angenishinda kwa sentensi ya kwanza. Lakini mwenyeji aliyeketi kula habari hana haki ya kubishana nazo. Ana neno moja tu.

Nikaanza kama inavyoanziwa. Watu ni wazima. Mangi mzima. "Ee," akasema Baba. "Ee," akasema Koko. Nikasema vidole vyangu asubuhi havifunguki. "Ee." Nikasema ugonjwa huu hauponi, daktari amesema ni wa maisha. "Ee." Nikasema kuna siku fundi mwenzangu ndiye aliyenifunga viatu, na nilitamani ardhi ipasuke.

"Lakini mwanangu," Baba akaingilia, "mambo haya lazima mtu aji..."

"Kula!" Koko akafoka. "Hajamaliza! Umeanza lini kutema habari za mgeni?"

Baba akafumba mdomo. Nikaendelea, na nikaona kwamba kila "ee" ilikuwa inanivuta hatua moja mbele, kama mtu anayeshikwa mkono gizani. Nikasema dawa nimeziacha. Ee. Nikasema chakula hakina ladha, wimbo hauna ladha, watu hawana ladha. Ee. Kisha nikasema lile nililokuwa nimeapa kutolisema. Nikasema sikuja kusalimia. Nimekuja kuaga. Nimeamua kwamba mvua zijazo zisinikute hai.

Koko alisema "ee". Baba alifungua mdomo, na neno lile dogo kuliko yote likashindwa kutoka na sauti. Midomo ilitamka, nikaiona ikitamka.

Ng'ombe mmoja akalia zizini na hakuna aliyegeuka. Baadaye sana Baba akauliza, kama desturi inavyotaka, "Hizo ndizo habari?"

"Ndizo."

Nilifikiri imekwisha. Koko akasema, "Mwenyeji naye atoe zake."

Baba akaanza panapoanziwa. "Sisi huku wazima. Mvua ya mwisho haikutosha. Ndama mmoja..."

"Ee," akasema Koko, na ile "ee" ilikuwa na makali. "Umekohoa. Sasa toa za ule mwaka aliokufa mkeo."

"Mama."

"Zitoe. Kijana ameleta zake zote, na wewe hutamrudisha mtupu."

Baba akautazama mlima kana kwamba utamtetea. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kanisani wala zizini. Alisema kwamba mama yangu alipofariki, hakuweza kuinuka kitandani msimu mzima wa kupanda. Shamba alilima Koko. Watu walipouliza waliambiwa ana malaria. Alisema kuna asubuhi alikuwa ananisikia mimi, mtoto, nalia nje, na hakuweza kuweka mguu chini, na hakuwa na jeraha wala homa. Alisema aliwahi kufikiri nilichofikiri mimi. Wazee wenzake walimjia wakamwambia ajikaze. Na mpaka leo, alisema, ziko alfajiri anazoamka nayo hali ile, akainuka hivyo hivyo.

Niliikumbuka malaria ile. Nilikuwa mdogo lakini niliikumbuka. Malaria gani inakaa msimu mzima, tena huku kwetu ambako baridi inawafanya mbu wenyewe watafute blanketi?

Labda unasubiri nikuambie kwamba tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Niliwaka. Desturi ilinitaka niseme "ee" na sikuisema.

"Ulikuwa unajua, Baba?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unaijua hali hii, unaijua kwa mwili wako, na ukaniambia nijikaze?"

"Ndilo neno nililopewa."

"Ulipopewa lilikusaidia?"

Akatikisa kichwa. "Hapana," akasema.

"Na ukanipa mimi!"

"Sikuwa na jingine, Lembris!" Naye sasa alikuwa anapiga kelele, mzee wa kanisa, machozi yanamshuka hata hayapangusi. "Ungetaka nikupe lipi? Nani alinipa jingine?"

Koko akauinua ungo wake. "Sasa mmekula," akasema. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfuko huu utakaa hapa mpaka mwenye nao aufuate kwa miguu yake. Na wewe," akanielekezea kidole, "leo hulali peke yako."

Kesho yake Baba alinisindikiza hospitali. Tulipoingia kwa daktari, akaniuliza, kalamu iko tayari, naendeleaje. Kwa mazoea ya miaka nikajibu, "Mzima tu, daktari."

Baba akanigeukia, kisha akamgeukia daktari. "Daktari, samahani. Huyo amekohoa tu. Subiri aseme."

Daktari alimshangaa mzee huyu, lakini kalamu aliiweka chini. Nikasema. Nikarudishiwa dawa za viungo na nikaelezwa safari hii kwa nini niwe nazimeza hata siku ninazojisikia nafuu. Nikapelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, maana hospitali ile ilikuwa naye muda wote, mlango wa tatu kutoka ule niliokuwa natokea nikidanganya kwamba mimi ni mzima. Iliniuma kujua hivyo. Bado inaniuma.

Sitakudanganya kwamba nilipona. Mkono wangu wa kulia leo haunyooki, na kazi ya waya nyembamba niliiacha. Nauza vipuri na kuwaelekeza wenye vidole. Sonona nayo ilirudi zaidi ya mara moja. Ila haikunikuta tena nikiwa peke yangu na neno moja. Baba sikumsamehe siku ile wala mwaka ule. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipopanda kwenda nyumbani alikuwa anavuta kigoda na kusema, "Toa habari," na alikula zote, na akatoa zake. Msamaha ulikuja kwa njia hiyo, taratibu, kama vidole vinavyolegea jua likipanda. Amekwisha kufa sasa. Alikufa kwa uzee, siyo kwa ile "malaria".

Kwa hiyo sikiliza nasaha yangu, mwanangu, wewe uliyepewa ugonjwa wa maisha ungali kijana.

Kinga ya mwili wako imekosea, wewe hukukosea. Usikubali mtu akugeuzie maradhi kuwa uvivu, au laana, au upungufu wa imani. Omba ukiwa mtu wa kuomba, mimi naomba, lakini anayekuambia uthibitishe imani yako kwa kutupa dawa, mwulize kama yeye atakuja kukufunga viatu. Ukiona dawa zinakudhuru, mwambie daktari, azibadilishe yeye. Usiziache kimyakimya kama nilivyoziacha mimi.

Ujue pia kwamba magonjwa haya mawili hutembea pamoja. Maumivu yasiyoisha huchosha na akili, na akili iliyochoka huyafanya maumivu yawe makali zaidi. Hilo si aibu, ni jinsi tulivyoumbwa. Ukifika kliniki usiwaonyeshe viungo peke yake. Sema na lile lisilovimba. Sema silali, sema sili, sema sioni maana. Na kama umefika pale nilipokuwa nimefika mimi, usisubiri kesho na usibaki peke yako. Mwambie mtu leo hii, kwa maneno hayo hayo yasiyo na adabu, na uende hospitali ukiwa na mtu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na wanalisema kama kitisho kwa mgonjwa. Mimi nawageuzia wasemaji: nani aliyemfundisha kuyaficha?

Maana nasaha hii si ya wagonjwa tu. Wewe uliye na afya, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi usimpe aliyekilalia maelekezo ya kulala. Futa neno jikaze. Mtu wako akikwambia mzima na macho yake yanasema vingine, usiondoke. Akianza kugawa vitu vyake, usiondoke. Keti. Huhitaji hekima. Huhitaji ushauri, na ukiwa nao umeze kwanza. Sema "ee" na usubiri, na akinyamaza sema "ee" tena. Na akimaliza, mpe habari zako za kweli, hata kama zinakuvua nguo mbele yake. Sisi wazee tuna deni la maneno kwenu. Tumewarithisha neno lililotushinda sisi wenyewe, na ninakasirika kila ninaposikia mzee mwenzangu analigawa kama baraka.

Baraka ninayoijua mimi ni hii, pokea. Mungu wa mlima na wa tambarare akupe asubuhi zisizokuuma sana. Akupe daktari mwenye subira na ndugu mwenye masikio. Hasira yako akuachie, ila aielekeze nje, isikugeukie. Siku njema akupe nyingi, na zile mbaya azifanye zipite, maana zinapita, mimi nimezihesabu kwa mwili huu. Na siku ambayo huoni kabisa sababu ya kuishi, mwanangu, uishi kwanza. Sababu itakukuta ungalipo.